Ganda Lililogoma Kutoka

Bunduki ikishalia, kazi inayobaki ni ya mkono. Mwenye raifoli ya bolti huinua mpini, huuvuta nyuma, na ganda tupu huruka pembeni likiwa bado la moto. Mkono uliozoea haufikirii. Kisha inakuja siku mpini unakataa kuinuka. Mpigaji anausukuma kwa kiganja, haoni mabadiliko, anaugonga kwa ubavu wa mkono, nao unaachia kwa mlio mkavu. Ganda linatoka likikwaruza. Wengi hufuta jasho, husema bunduki imeshika uchafu, na kusukuma ndani risasi ya pili.

Sura hii imeandikwa ili hiyo risasi ya pili isipigwe.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, aina mbili za bunduki zimekaa jirani kwa miaka mingi. Ya kwanza ni raifoli ya askari wa uhifadhi, anayezunguka vilima na vinamasi vya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, eneo la kilomita za mraba 4,707 lililopandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ya pili ni gobore: bunduki inayojazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, iliyofuliwa na fundi wa kijijini, ikafichwa darini kwa ajili ya nguruwe pori na ngedere wanaomaliza mahindi shambani. Kiufundi zimepishana kwa zaidi ya karne, ila swali lake ni moja. Presha ndani ya mtutu ikizidi, mtu atajuaje kabla chuma hakijampasukia usoni?

Waswahili wa zamani walikuwa na neno zuri kwa risasi kamili, yaani ganda lenye baruti na kichwa chake. Waliiita kiasi, na bunduki inayopakiwa kwa nyuma ikawa bunduki ya viasi, tofauti na ile ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Neno hilo limepotea midomoni mwa watu, na ni hasara, kwa sababu lilibeba fundisho lote. Kilichomo ndani ya ganda ni baruti iliyopimwa, ya uzito fulani, ya aina fulani, nyuma ya kichwa cha uzito fulani, kwa ajili ya mtutu wa kipenyo fulani. Badilisha kimoja kati ya hivyo vinne na kipimo chote kinageuka.

Presha yenyewe, ambayo vitabu vya fizikia vya shule huiita kanieneo, ni vigumu kuifikiria kwa ukubwa wake halisi. Tairi la gari dogo hubeba takribani kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Raifoli ya .375 Holland & Holland, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na kuzoeleka tangu hapo kwa wawindaji wa nyati na tembo Afrika Mashariki, imewekewa na wapimaji wa Ulaya kikomo cha karibu kilo 4,400 kwa eneo hilohilo. Uzito wa Land Cruiser mbili umekaa juu ya ukucha wa kidole gumba, umbali wa kiganja kimoja kutoka shavuni mwa mpigaji. Hudumu kwa sehemu ya elfu ya sekunde tu, kisha gesi inatokea mdomoni nyuma ya risasi.

Kinachomlinda mpigaji katika sehemu hiyo ya elfu ya sekunde ni ganda la shaba nyeupe, mchanganyiko wa takribani asilimia 70 shaba na 30 zinki. Mafundi waliuchagua kwa kuwa unatanuka na kurudi. Baruti ikiwaka, ukuta wa ganda hufura na kujibana kwenye chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kama mpira wa pampu, gesi isipenye kurudi nyuma. Presha ikishuka, ganda husinyaa kidogo, likalegea na kutoka kwa ulaini. Ndiyo maana mpini mzito una maana. Shaba iliyosukumwa kupita uwezo wake wa kurudi hubaki imefura, imegandamana na chuma, na mkono wa mpigaji ndio unaolipa tofauti hiyo.

Ganda kama hilo lafaa kutazamwa mchana, juani, likizungushwa taratibu kati ya vidole. Katikati ya tako lake kuna fataki, kikombe kidogo kinachogongwa na pini. Risasi ya kawaida huacha kikombe hicho na kingo za mviringo, kikiwa na kibonyeo laini katikati. Presha ikipanda, kikombe hubanwa kwenye uso wa bolti hadi kingo zake zinapotea na kujaza tundu lote, utadhani kimepigwa pasi. Ikipanda zaidi, shaba ya fataki hurudi nyuma kuingia kwenye tundu la pini, na alama ya pini inazungukwa na ukingo ulioinuka unaosikika ukipitishwa ukucha. Fataki ikitoboka kabisa, gesi ya moto hurudi ndani ya bolti, na njia yake ya karibu ni jicho la mpigaji. Miwani ya kinga ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na jicho.

Kisha tazama tako lenyewe. Hapo panapoandikwa jina la kiwanda na kaliba, wakati mwingine huonekana kidoa kinachong'aa, cha duara au nusu duara, kama chapa ya sarafu. Ni shaba iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya tundu la kile kichuma kinachorusha ganda nje, kisha ikakwanguliwa bolti ilipozunguka. Kidoa hicho kwenye ganda linalotumika kwa mara ya kwanza ni habari nzito kuliko fataki bapa. Na kama fataki mpya inaingia kwa ulegevu kwenye ganda lililopigwa mara moja au mbili tu, tundu limetanuka, na ganda hilo halifai tena hata kama limeng'arishwa likawa kama jipya.

Ipo alama moja inayowachanganya hata wazoefu: mstari mwembamba unaong'aa, unaolizunguka ganda juu kidogo ya tako. Mara nyingi huo hausemi juu ya baruti. Unasema chemba na ganda havilingani urefu, hivyo ganda linavutwa kila linapopigwa na ukuta wake unakonda kwa ndani. Fundi huingiza waya wenye ncha iliyopindwa, akaukwaruza ukuta kuelekea chini. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda linakaribia kukatika vipande viwili.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko kote, na ndipo ushauri wa mdomo unapowapoteza watu. Alama hizi zote ni mashahidi, na ni mashahidi wanaochelewa. Fataki laini za kiwanda kimoja hubapa kwa presha ya halali, na fataki ngumu za kiwanda kingine hukaa na kingo zake nzuri huku kikomo kimeshapitwa. Ganda lenye shaba ngumu huvumilia kimyakimya. Bolti ya kisasa, yenye meno imara, inaweza kufunguka kwa ulaini wakati presha imepita kilichoidhinishwa kwa raifoli hiyo. Mtu anayejaza baruti akipandisha kidogo kidogo huku akisubiri ganda limwambie basi, ataambiwa akiwa ameshavuka. Zaidi ya hayo, bunduki kuukuu za chuma dhaifu hupasuka kwa presha ambayo isingeweza hata kuikunja fataki. Kwa bunduki hizo hakuna dalili ya kwanza.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1860 wataalamu waliacha kubahatisha. Mmarekani Thomas Rodman na Mskoti Andrew Noble walibuni vyombo vya kupima presha ndani ya mzinga, Rodman kwa kisu kinachochimba alama kwenye shaba, Noble kwa silinda ndogo ya shaba inayopondwa na kupimwa imefupika kiasi gani. Leo maabara hutumia kipande cha fuwele kinachotoa umeme kikibanwa. Majedwali ya kujazia risasi yanayochapishwa na viwanda vya baruti yametokana na vyombo hivyo. Asiye na maabara ana kipimo kimoja cha kusaidia: mashine ya kupima mwendo wa risasi. Jedwali likisema risasi itoke kwa mita 800 kwa sekunde, naye akapata 840 kwa mtutu wa urefu uleule, hajabahatika kupata bunduki kali. Mwendo wa ziada umenunuliwa kwa presha ya ziada, hata kama ganda ni safi kama sahani.

Kujaza risasi nyumbani ni burudani halali na ya kawaida Marekani na Afrika Kusini. Wajazaji makini huanza chini ya kipimo cha juu cha jedwali, kwa kawaida asilimia 10 chini, hupanda hatua fupi, na husimama kwenye dalili ya kwanza. Tanzania ni habari nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni, na mwenye raifoli halali Biharamulo mjini hununua risasi za kiwandani. Hata hivyo, elimu ya kusoma ganda haimhusu mjazaji peke yake. Risasi ya kiwandani nayo huvuka kipimo, na sababu zake huku kwetu ni za kila siku.

Joto ni ya kwanza. Baruti iliyopata joto huwaka haraka zaidi, na presha hupanda. Waingereza walilijua hilo mapema: baada ya kodaiti kuvumbuliwa mwaka 1889 na kuanza kutumika, raifoli zilizopimwa kwenye baridi ya kwao zilibana maganda katika jua la India na Afrika, hadi watengenezaji wakatoa risasi za nchi za joto, zenye baruti pungufu kidogo. Biharamulo si Dar es Salaam. Miinuko yake ina upepo wa ubaridi asubuhi. Ila boksi la risasi lililoachwa mbele ya kioo cha gari saa saba mchana halijui lipo mkoa gani. Wala halipoi kwa dakika tano.

Ya pili ni kitu kilichoziba mtutu. Tope la kinamasi baada ya kujikwaa, mafuta mazito ya kuhifadhia yaliyosahaulika, kitambaa kilichokatikia ndani, au nyigu wa udongo aliyejenga kiota chake kwenye tundu tulivu kwa wiki mbili tu. Risasi ikigonga kizuizi hicho, presha hupanda mahali ambapo chuma ni chembamba, na mtutu hufura kama chatu aliyemeza swala, au hupasuka.

Ya tatu ni mlio hafifu. Badala ya mshindo, bunduki inatoa "pu", na kitako hakisukumi bega. Mpigaji mwenye haraka hudhani risasi imeharibika, anaingiza nyingine. Kumbe kichwa cha kwanza kimekwama katikati ya mtutu, na cha pili kinakifuata. Raifoli ya .458 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1956, ilipata sifa mbaya Afrika kwa sababu ya upungufu wa aina hii: baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda fupi iligandamana, ikawaka vibaya, na risasi zikatoka na nguvu pungufu mbele ya wanyama wanaoua. Kiasi kilichopungua kina hatari zake.

Katika hali zote hizo tatu, utaratibu haubadiliki. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekea mahali salama. Kama risasi haikulia kabisa, hesabu nusu dakika kwanza, kwani fataki yaweza kuchelewa. Kisha toa risasi zote, ondoa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu kutokea nyuma. Mpini ukigoma, usipigwe nyundo. Bunduki hiyo iende kwa fundi wa silaha pamoja na ganda lake na boksi la risasi zilizobaki, kwa sababu fundi akiletewa bunduki peke yake ameletewa nusu ya kesi.

Lakini gobore halina ganda. Hakuna tako la kutazama wala fataki ya kusomea, na mpini wa kugoma haupo. Shahidi anayechelewa kwenye raifoli, hapa hakuzaliwa.

Kuwepo kwake kuna historia ndefu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu, kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Dola za Ulaya zilijiwekea zilizo bora, na Mwafrika akaachiwa zilizopitwa na wakati. Hata askari Waafrika wa Wajerumani, waliokuwa na boma lao Biharamulo hadi Wabelgiji walipoliteka Juni 1916, sehemu kubwa waliingia Vita ya Kwanza ya Dunia na Mauser ya mwaka 1871, inayotoa wingu la moshi mweusi na kumwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Mfaransa Paul Vieille alikuwa ameshavumbua baruti isiyo na moshi miaka 30 nyuma. Baruti hiyo ina nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka kwa kasi. Kuitia kwenye mtutu uliotengenezewa baruti nyeusi ni kuugeuza mtutu huo bomu. Yeyote anayefikiria kuvunja risasi ya kivita na kumwaga baruti yake kwenye gobore azingatie jambo hilo moja, hata kama atasahau mengine yote ya sura hii.

Na risasi za kivita zimepita sana eneo hili. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, karibu wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24 na kufanya kambi ya Benaco kuwa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Vita za majirani zilisambaza silaha kwenye misitu na barabara, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilizipekua Kagera, Geita na Kigoma ikiwasaka wahamiaji haramu na majambazi. Magobore yalikuwa miongoni mwa silaha zilizokusanywa.

Wanaoyafua si watu wasio na ufundi, na si haki kuwadharau. Ukanda huu una urithi wa chuma: Warongo, chama cha wayeyushaji na wafua chuma wa Buzinza, walilisha majembe eneo kubwa kabla ya bidhaa za viwandani kufika. Kinachokosekana kwenye gobore ni kipimo. London imekuwa ikipima mitutu chini ya hati ya mfalme tangu 1637, Birmingham chini ya sheria ya Bunge tangu 1813. Leo raifoli za Ulaya hupigwa kwanza risasi ya majaribio yenye presha inayozidi kikomo kwa robo, zikiwa zimefungwa kwenye chumba kisicho na mtu, ndipo zinapigwa muhuri. Mtutu wa gobore mara nyingi ni bomba la chuma, na bomba la maji limeundwa kwa kilo kumi na kitu tu kwa sentimita ya mraba. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza ni mwenye shamba mwenyewe, usiku, kaligandamiza shavuni.

Hatari nyingine ni kumbukumbu. Gobore lililojazwa msimu wa mahindi uliopita linakaa darini. Mwenyewe hakumbuki, au kaka yake alilijaza tena bila kuuliza. Watu waliofunzwa nao husahau: baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na karibu 24,000 zilikuwa zimejazwa. Takribani nusu ya hizo zilikuwa na viasi viwili. Moja ilikutwa na viasi 23, kimoja juu ya kingine. Askari aliendelea kushindilia katika kelele za vita bila kutambua kwamba bunduki yake hailii.

Jeshi la Polisi limekuwa likiendesha kampeni za kusalimisha silaha kwa hiari, na hiyo ndiyo njia inayofaa kwa gobore. Ila kulibeba nyuma ya pikipiki kwenda kituoni, likiwa limejaa na fataki iko mahali pake, ni kuhamisha hatari kutoka darini hadi mgongoni. Busara ni kutoa taarifa kwanza, waje wanaojua.

Wakija, anayejua kazi halifyatui ili kulimaliza, wala halichungulii mdomoni. Hulilaza chini, mdomo ukiwa umeelekea kwenye kichuguu au ukuta wa udongo, akaondoa fataki kwenye kifa, pale moto unapoingilia mtutuni. Kisha, mwili wake ukiwa pembeni, anateremsha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, taratibu ndani ya mtutu hadi ugote, anaushika kwa vidole usawa wa mdomo, anauchomoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Kama mtutu ni mtupu, ncha ya mdeki itafika hadi kwenye kifa. Safari hii imeishia vidole sita kabla. Anawaomba watu warudi nyuma, watoto kwanza, na anaagiza maji.